Tone Moja, Kadutu

Mama Ntakwinja amepanda mlima wa Kadutu
akipumzika mara nne, sweta mbili juu ya kitenge,
siku ya jua hili ambalo hata mbuzi wa soko
wamelikimbia, wako chini ya meza.
Anaketi. Kila neno analitoa
kama ndoo ya kisima chenye kamba ndefu:
nasikia baridi, dada. Nywele zinabaki kwenye kitana.
Chumvi naitia mara mbili, au siitii.
Jana jina la mtoto wangu wa tatu lilinipotea.

Shingo kaifunga leso.
Leso hiyo naijua. Shangazi yangu wa Idjwi
alizikwa nayo, na hakuna aliyewahi kuuliza
rovu lile lilikuwa linamwambia nini.

Zamani (mwaka jana, nasema zamani)
ningejaza chupa, niizungushie barafu,
nikimbie nayo bandarini kabla meli haijang'oa,
kisha tungengoja. Wiki mbili, tatu.
Mara moja barafu iliyeyukia Goma,
damu ya watu kumi na mmoja ikawa ya kumwaga.

Leo nina utepe, mwembamba kuliko ukucha,
umepakwa dhahabu isiyotosha hereni ya sisimizi.
Juu ya dhahabu wamebandika kingamwili,
viti visivyoonekana,
na kila kiti kinamjua mgeni wake mmoja,
homoni ya tezi.
Mgeni akiketi, umeme hupita kwa shida.
Viti vikiwa vitupu, huteleza.

Namchoma kidole. Tone linasitasita, linakuja.
Umeme wa mji unakatika, kama desturi;
kifaa hakijali, kinanyonya betri ya simu yangu.
Dakika kumi na mbili. Tunaongelea bei ya sambaza.

Umeme unateleza.
Viti vitupu, karibu vyote.

Masharti ya majaribio nayajua kwa moyo:
namba hii haitolewi, haiandikwi kwenye kadi,
mpaka mashine kubwa iikubali.
Mashine kubwa ina muhuri. Utepe hauna.
Nachota na chupa pia, ya meli ya Alhamisi.

"Iko chini?"
Iko chini, mama. Mwili wako unapika
kwa moto wa kijiti kimoja.

Ananyamaza mpaka nadhani amesinzia.
"Kwa hiyo si uvivu."

Miaka mitatu mama mkwe anamwita gunia.
Gunia limeamka? Gunia limekula?
"Andika, dada. Andika kubwa. Macho yake mabovu."

Natazama mlango. Daktari Mugisho yuko wodini.
Nachana ukurasa wa Machi kwenye kalenda,
naugeuza. Namba siiandiki. Naandika
kwa herufi za ukutani:
HUYU ANAUMWA. SI MVIVU.
Tarehe. Sahihi yangu.

Muhuri sina, namwambia.
Anavuta karatasi, anabonyeza kidole kilekile,
ambacho bado hakijakauka.