Safu ya Tatu Kutoka Chini

Tulianza na kichuguu nyuma ya zizi la Ndahani.
Mchwa walikwisha kuuchekecha ule udongo,
sisi tukaongeza makapi ya uwele, samadi,
na maji ya kununua, dumu shilingi mia tano.

Mwenyekiti alitaka tofali za saruji.
"Tembe!" akasema, kama anayetema mbegu ya zabibu.
"Mji mkuu ule pale, usiku mnauona unavyong'aa,
nanyi watoto wa chekechea mnawajengea tope?"
Hakuna aliyemjibu.
Lechipya alikuwa ndani ya shimo, khanga kaikaza, anakanyaga,
na mwenye kukanyaga udongo
hana pumzi ya kubishana.

Msingi ni matairi tuliyoomba kwa wenye malori, Ihumwa,
tukayashindilia kokoto na udongo
mpaka yakaacha kudunda.

Chupa waliokota watoto:
mashambani kwenye mizabibu, nyuma ya vilabu,
za mvinyo, za bia, za dawa ya kikohozi.
Kuziosha nikapewa mimi.
Mkono wako mwepesi, walisema.

Hawakujua kwamba nyingine nazifahamu.
Hii ya kijani, iliyomeguka mdomo,
baba aliichomeka kwenye fito za dari
tusimwone, na sote tukimwona.
Hizi mbili ni ada yangu ya darasa la nne.
Hii ni mbuzi. Hii sijui,
labda viatu vya mama.
Nilizisugua kwa jivu na mchanga wa Hombolo.
Uchafu ulitoka. Harufu ilikawia.

"Hizi zipange safu ya tatu kutoka chini," nikamwambia Chibago.
"Kwa nini ya tatu?"
"Rangi," nikasema. Akaniangalia, akachota tope.

Mvua ya kwanza ya Desemba ilikuja usiku, na upepo.
Kijiji kizima kililala macho, kikisikiliza ukuta.
Asubuhi pembe moja imetepeta kama uji,
na Mwenyekiti tayari yupo, ana mabuti na koleo,
haangalii mtu usoni.
"Kile kichuguu," akauliza, "kimebaki?"

Kilibaki.

Safu ya tatu ni kimo cha mtoto aliyeketi. Nilipima.
Saa mbili, jua likipanda,
kijani hushuka hadi mkekani.
Binti wa Lechipya huikuta mkononi mwake,
huikwangua kwa ukucha,
huikwangua tena,
kisha huigeuzia kiganja, iingie.