Droo ya Malalamiko

Kabati nililinunua kwa bei ya bia tatu
siku walipofunga stesheni yetu, huku Moravia:
la chuma, kijivu, droo nne,
vibao vyake bado vimebandikwa.
Ratiba. Mizigo Iliyopotea. Ucheleweshaji. Malalamiko.
Miaka thelathini na sita nilililisha karatasi.
Sasa zamu yake kunilisha.

Hedvika wa buchani alinikatia kilo mbili na robo,
tumbo la nguruwe lenye ngozi yake,
mafuta na nyama vikipishana kama mistari ya daftari la hesabu.
"Otakar," alisema, "chumvi haikisiwi.
Jicho la karani halijui gramu."
Nikapima hamsini na sita za chumvi yenye dawa,
sukari guru, pilipili manga,
vitunguu saumu, tunda za mreteni nilizoziponda kwa kitako cha chupa.
Nikaikanda nyama hadi viganja vikawasha.

Siku nane jokofuni, ndani ya mfuko.
Kila asubuhi niliigeuza
kama mgonjwa asipate vidonda vya mgongo.
Siku ya tatu ilitoka jasho. Siku ya tano ikakaza.
Zdislava alihamishia maziwa yake nje ya dirisha, kwenye theluji,
asiseme neno.
Kimya chake nacho kilikuwa kimekolea.

Nilipochomoa droo ili nitoboe matundu ya hewa
ikadondoka karatasi iliyonasa nyuma, imekunjwa mara nne.
Nikaitia mfukoni mwa koti. Mikono ilikuwa na kazi:
kulichoma kabati tupu mpaka rangi ikababuka,
kuosha nyama, kuifuta, kuiacha usiku kucha
hadi uso wake unate
kama bahasha iliyolambwa.

Wahenga walisema pafukapo moshi hapakosi moto.
Wangeniona mie, magoti kwenye theluji,
nikiuomba moshi uje peke yake.
Unga wa mbao za mplamu ulikuwa na unyevu;
moshi wa kwanza ukatoka mweupe, mzito, mchungu,
jirani akafunga madirisha yote, moja baada ya jingine,
kwa kishindo, nihesabu.
Nikaumwaga. Nikakausha mwingine juu ya jiko la Zdislava
(hili naye alilinyamazia).

Saa nne usiku ukaja wenyewe:
mwembamba, wa samawati,
ukipenya tundu la ufunguo la Malalamiko
kama uzi unaotafuta sindano.

Nikakaa juu ya ndoo kuulinda.
Hapo ndipo nilipoikumbuka karatasi.
Februari, mwaka themanini na saba. Mwandiko wa kalamu ya wino.
*Treni ilichelewa saa nne na nusu.
Nilikuwa na mtoto wa wiki sita.
Jiko la chumba cha abiria halikuwashwa.
Nilimwomba karani. Karani alisema
makaa ni ya kesho.*
Jina: Libuše Kovaříková. Anwani: mtaa wa nyuma ya kinu.

Karani wa zamu.
Nikaisoma tena, nikiwa nimeisogeza karibu na lile tundu,
ingawa palikuwa na mwanga wa kutosha pale nilipokuwa.

Asubuhi nilikata vipande. Cha pembeni kilikuwa chumvi tupu,
nikakitema. Cha katikati kililia kikaangoni,
mafuta yakageuka kioo,
na Zdislava akala vitatu, kasimama,
kisha akasema, "Maziwa yarudi ndani."
Ndiyo cheti nilichopata.

Nimefunga nusu kilo kwa karatasi ya buchani na kamba.
Kinu kilishabomolewa, lakini mtaa upo.
Sijui kama yupo. Sijui mtoto alikuwa wa kike au wa kiume;
awe nani, sasa ana mvi za kwanza.
Kalamu imekauka, nimeipasha kwa pumzi.
Nimefuta *Samahani*. Nimefuta *Kuhusu barua yako*.
Nimeandika tu:

*Bi. Kovaříková,
jiko limewashwa.*