Usifunguefungue

Shangazi Mwantumu ana friji la kulala, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli
na juu kaandika kwa chaki: USIFUNGUEFUNGUE.
Ndani zimo barafu za ukwaju, mia mbili na kidogo.
Mtoto akiinua kuchungulia kama zimeganda
ndiyo hazigandi.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo,
ingawa nina shahada tatu na deni la mkopo.

Friji langu liko mbali, nchi ya theluji. Sijaligusa.
Nalipelekea maagizo kutoka chumba cha uani
na kwa joto hili la Tanga, kilichoganda ni shati, mgongoni.
Kule ndani baridi imeipita ya mochwari,
imeipita ya giza lililo kati ya nyota na nyota,
na bado chembe zinatetereka,
zinasahau nilichoziambia kabla sijamaliza kukohoa.

Nikiitazama moja, inanijibu: ndiyo. Au: siyo.
Na ilivyokuwa kabla ya swali, hairudi kuwa.
Basi siiulizi.
Nawauliza majirani, wawili wawili:
mnafanana, hamfanani?
Ngamiani tunaijua njia hiyo.
Mwenye msiba wa siri haulizwi;
husikilizwa ukuta wa kushoto, ukasikilizwa wa kulia,
kisha sahani ya wali ikafika mlangoni kwake
na siri yake ikabaki nzima.

Jumanne umeme ulikatika saa nane mchana.
Shangazi akatandika magunia juu ya friji, akayakalia,
kwa uzito wake wote, kama anayezuia mlango.
Simu yangu ilikuwa na asilimia kumi na moja
Semboja alipoandika: kosa limeshuka,
toka tatu katika mia hadi mbili na nusu.

Nusu.
Miezi kumi na minne.
Nikapiga ukelele, kuku wa watu wakaruka.

"Wamekulipa?"
"Hapana. Nusu."
"Nusu ya nini?"
Nikalitafuta neno, nikalikosa,
nikamwonyesha kwa vidole: hivi, kadogo hivi.

Akaviangalia vile vidole.
Akasogea, akanipisha kwenye gunia.
"Kaa. Tukiwa wawili joto halipiti."

Tukakaa. Chini yetu mia mbili na kidogo.
Hatukuinuka kuangalia.