Gunia la Karani

Kosa langu la kwanza nililifua gunia.
Nilidhani ni heshima: nyumba mpya, tandiko safi.
Nikalisugua kwa sabuni ya kipande, likatoa maji meusi,
miaka kumi na mitatu ya Mikindani ikaingia mtaroni,
nikalianika, nikalitandika, nikamwambia, Karani, lala.

Akalinusa upande huu, akalinusa upande ule,
kama mtu aliyepewa barua ya mwenziwe,
kisha akaenda kusimama akitazama ukuta.

Huku Tudor tumepanga chini, vyumba viwili na ua wa nyuma.
Bi Rukia wa ghorofani alishuka siku ile ile,
akakomea ngazi ya tatu:
"Mwanangu, sina neno na mnyama wa watu.
Ila ngazi hii twaipita na udhu."
Tukaelewana. Mlango wa mbele si wake.
Wake ni ua, kati ya tangi la maji
na dirisha la jikoni kwangu.

Kaka yangu Mwakio akapiga simu kutoka Voi:
"Mfunge siku tatu, atazoea. Mbwa ni mbwa."
Nikamwuliza yeye amezoea lini kulala bila redio.
Akacheka, akakata.

Usiku wa kwanza nilitandika mkeka kando yake.
Sakafu ilikuwa bado na jua la mchana ndani.
Mbu wakanila. Tangi likidondosha,
na kwa kila tone aliinua sikio moja,
lile linalosikia.
Nyonga zake siku hizi ni bawaba zenye kutu:
akitaka kuketi huketi nusu,
afikiri,
ndipo aachie uzito.
Saa tisa alikuwa bado wima.

Usiku wa tatu nikausogeza mkeka hatua moja,
wa nne hatua mbili, nikiuelekeza mlangoni,
polepole, kama anayemwachisha mtoto ziwa.
Alizunguka. Mara tatu kuume,
akakunja miguu, akaanza kushuka,
kisha akainuka ghafla
kana kwamba ameketi juu ya neno baya.

Jumapili nilirudi Mikindani kuchukua birika tulilosahau.
Nyumba tupu ina mwangwi wa dharau.
Nilichuchumaa mlango wa jikoni, pale pa gunia,
kifuniko kikaniponyoka,
kikabiringika chenyewe hadi ukutani.

Baba aliimwaga saruji ile kwa mkono wake.
Karani wa mizani bandarini, mtu wa kupima kila gramu ya watu,
na nyumbani hakuwa na pimamaji.
Alisema ni mteremko wa kutolea maji nje.
Mvua ya kwanza, maji yakaja ndani.
Tulimcheka mpaka akachukua ufagio.

Basi miaka yote hiyo
mbwa aliyerithi cheo chake
alilala kichwa juu, kiuno chini,
na mimi nikampa sakafu iliyonyooka.

Nilichukua mlango wa kabati bovu,
nikausukumia vipande vya vigae upande mmoja,
vidole viwili, nikapunguza, kidole kimoja na nusu.
Gunia nilikuwa nikililalia mimi juma zima;
halikunuka sabuni tena.

Akaja. Akazunguka mara tatu.
Akaketi nusu.
Akafikiri.

Asubuhi dirisha la juu likafunguka.
"Jana mbona kimya? Nimezoea kucha zake,
tap, tap, ndizo zinihesabiazo usiku."
Nikamwambia amelala, Bi Rukia.
"Alhamdulillahi," akasema, kisha, baada ya kitambo,
"Mimi nilipohama Kibokoni, mwezi mzima
niliamka nikiutafuta mlango ukutani."

Nikaingia kuchemsha chai.
Birika lipo. Kifuniko hakipo.
Nimekiacha kule kule kilikobiringikia.