Nusu Tone

Ukiandika ishirini na tano ukaishia hapo,
Daktari Thuwaiba anakuuliza pembezoni, kwa wino mwekundu:
"Ishirini na tano nini? Mbuzi?"
Mimi nilimaanisha mililita.
Alama mbili zilikwenda na mbuzi hao.

Chuo chetu kipo Ibra, ukishapita
soko la wanawake la Jumatano.
Maabara ya chini, kiyoyozi kinakohoa,
vumbi limeganda dirishani kama unga wa jana,
na sisi ishirini na sita, makoti meupe juu ya abaya na kanzu,
tumeinamia bureti
kama watu wanaotunga uzi sindanoni.

"Tone zima ni la mwenye haraka," anasema.
"Gusisheni ncha kwenye glasi,
lioshwe kwa maji lishuke, nusu tone,
mpaka waridi lionekane kama haya,
si kama harusi."

Waridi la Mundhir lilikuwa harusi, na ngoma juu.
Akapata sifuri, akacheka,
mwezi uliofuata akaenda zake polisi.
Ghaliya wa Bidiya alilia chooni,
akanawa uso, akarudi kupima upya.
Hilal alisema yule mama hana moyo, ana mizani.
Mimi sikusema kitu. Nilikuwa nahesabu matone
kimoyomoyo, kwa Kiswahili,
maana Kiarabu changu ni cha dukani
na Kiingereza changu ni cha mtihani.

Siku moja pipeti ilimvunjikia mkononi.
Akanong'ona, kama mtu aliye jikoni kwake:
"Ala! Mikono hii leo imerogwa?"
Nikainua kichwa.
Kiswahili. Cha Wete. Cha bibi yangu mtupu.

"Basi nenda kwake," Bibi akasema matokeo yalipotoka.
"Mwamkie vizuri. Mtu wa kwenu hakutupi."
Akanijazia visheti kopo la maziwa ya unga,
akafunga kwa kitambaa chenye maua.

"Shikamoo, Daktari."
Kalamu ikasimama.
"Marahaba. Wa nani wewe?"
Nikamtajia bibi, mtaa, duka la babu,
hata rangi ya mlango wa duka.
Akatabasamu. Akala kisheti kimoja, akasifu iliki.
Akala cha pili. Kisha akafungua daftari.

"Arubaini na tisa na nusu. Hamsini ndiyo kufaulu."
"Nusu tu, Daktari."
"Nusu tu," akaitikia,
"ndiyo iliyokuharibia rangi siku ya mwisho.
Nikikupa wewe, Ghaliya nimpe nini?
Yeye ana arubaini na tisa na nusu vilevile,
na hana bibi wa Wete."

Tukarudia kiangazi, Ghaliya na mimi na wengine wanne,
nyuzi arubaini na saba za Selsiasi
(naandika kipimo, mwaona).
Mpini wa mlango wa maabara tulikuwa tukiushika kwa mtandio.
Daktari alifika kabla yetu kila siku,
na kila siku alitukata.
Julai akakosea yeye, ubaoni, swali la nne.
Ghaliya akanyanyua kidole, mkono ukimtetemeka.
Daktari akatazama ubao muda mrefu,
akachukua orodha ya alama,
akaandika jina lake chini ya yetu,
akajikata mbili.
Hakuna aliyethubutu kucheka.

Nilifaulu kwa sitini na moja.
Siwezi kusema nampenda.
Lakini nikipika chai nyumbani, sukari naitia
kijiko kikiwa kimesawazishwa kwa kisu,
na Bibi ananiangalia kama nimeingiwa na shetani.

Yeye hajamsamehe mpaka leo.
"Kala visheti vyangu," anasema,
"na kopo hakurudisha."

Kopo lipo. Nimeliona mezani kwake ofisini,
kitambaa kimekunjwa chini yake,
limejaa kalamu nyekundu.