Noti Isiyokaa Mstarini

Programu ya leo imeandikwa jina moja:
Ambrose Fairleigh, mtunzi, Boston.
Chini yake, kwa herufi za kusinzia:
mwendo wa pili, kutokana na wimbo wa milimani.
Wa milimani. Kana kwamba mlima una kinywa.

Mlima huo ulikuwa na jina, na mguu mmoja mfupi:
Orpha Stidham, bibi mzaa mama,
bonde la Harlow, mashariki ya Kentaki,
mjane wa makaa ya mawe,
mpiga banjo ya kibuyu kilichowambwa ngozi ya paka
(paka aliyekufa kwa uzee, alisisitiza kila mara).

Fairleigh alikuja mwezi wa Mei na penseli sita.
Akaketi barazani, viatu vimemeza matope.
"Rudia," akasema. Bibi akarudia.
"Tena, pale katikati, polepole."

Pale katikati ndipo penye mambo.
Sauti inapanda ngazi, inafika kipandio cha tatu,
inakataa kukanyaga, wala juu wala chini,
inaning'inia
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.
Penseli ikasita.
Mistari mitano, nafasi nne,
na noti haina pa kulala.
Akaisogeza juu kidogo, akaifuta vumbi,
akala mkate wa mahindi, akashukuru, akaenda zake.

Hakuuliza: nawe ulifunzwa na nani?
Jibu lilikuwa mdomoni, limeiva.
Cato Pettiford, mtu mweusi kutoka Karolina,
aliyekuja kutandika reli mwaka wa mafuriko,
akalala zizini kwa baba yake Orpha vipupwe viwili
kwa kuwa nyumbani hakuruhusiwa kuvuka kizingiti.
Kibuyu kile alikikata yeye.
Yeye ndiye aliyemwambia msichana wa miaka tisa:
"Usiibonyeze, mtoto. Iache ijikune yenyewe."
Naye Cato alifunzwa na mama yake,
na mama yake na mama yake,
na hapo uzi unaingia majini, siuoni tena.

Mwaka wa thelathini na nane
redio ya duka la kampuni ilirusha okestra ya Boston.
Bibi alikuwa akinunua chumvi.
Alisikiliza hadi mwisho, foleni nzima nyuma yake.
"Wameuvalisha soksi," akasema.
Njiani, baada ya daraja:
"Na ulimi wameukata."

Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo.
Basi mimi nipo. Sinsinati, safu ya tatu,
viola, kiti cha ndani, gauni la kuazima.
Mwenye kijiti ananyanyua mikono.
Tunapanda: kipandio cha kwanza, cha pili,
nikalegeza kidole,
unene wa punje ya uwele tu,
nikaiacha ijikune.

Ludmila, tunayesoma naye karatasi moja, alinitupia jicho.
Mwenye kijiti aligeuza kichwa
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Hakusimamisha. Sijui kama aliipenda
au anangoja mapumziko anifukuze.

Pembeni mwa ukurasa nimeandika majina mawili,
la Orpha, na juu yake la Cato.
Karatasi ni mali ya maktaba, na kifutio wanacho.
Lakini penseli, hiyo,
nimeibonyeza.