Mwanga Uliochanwa

Saa nane usiku, chumba cha eksirei, Bombo.
Mashine imepoa. Kule bandarini kreni imeinama
kama mtu aliyesahau alichokifuata.
Simu inawaka: Mwatime, mtoto wa dada,
anayesomea nyota Dodoma,
hana saa ya kulala wala ya kuacha watu walale.

"Mamdogo, leo nimeisoma moja.
Nyota mfu. Ukiianzia Raskazoni
inaishia Pongwe, au mbele kidogo,
lakini jua zima na ziada limeshindiliwa humo.
Nayo inatoa eksirei, kama zako."

Zangu? Zangu hupita nyamani, hugota mfupani.
Ninazo swali moja tu nazo:
umepita, au umezuiwa?

"Sisi tunauliza jingine," akaandika.
"Ulikuja ukitikisika upande gani?
Mwanga wa kawaida hutikisika ovyo.
Huu umenyooka, sumaku ya nyota imeuchana.
Ulio mpole umelala, ulio mkali umesimama,
nyuzi tisini kati yao.
Hata utupu pale, Mamdogo,
hata pasipo na kitu, pana mkono."

Imeuchana.

Bibi yake alifanya kazi ya brashi, Ngomeni, kiwanda cha mkonge.
Katani ilishuka kwenye waya imetimka, imejisokota;
akaishika fungu kwa fungu, akailisha ngoma yenye meno,
ikatoka singa, zote zikitazama njia moja.
Nyusi zake nyeupe kwa vumbi kabla hajafika arobaini.

Akaja hapa na kikohozi. Mimi mwanafunzi bado.
Nikamsimamisha ukutani, kidevu juu:
vuta pumzi, mama. Ishikilie.
Picha ikatoka safi. Mbavu, moyo,
ukungu kama kiganja upande wa kulia.
Kilichopita, cheusi. Kilichozuiwa, cheupe.
Nikaisoma, nikaandika namba, nikaita anayefuata.

Sikumuuliza kwa nini alirudi nyumbani kwa njia ya reli,
ndefu, yenye nyoka, na barabara ipo.
Sikuuliza kitu.

Mlango unagongwa. Kijana wa bodaboda,
Semkiwa, ameukumbatia mkono wake kama mtoto wa mtu.
Namvalisha aproni ya risasi. Nalaza kiwiko.
Kidole kiko juu ya kitufe, na kwa mara ya kwanza
katika miaka kumi na tisa nasikia nikiuliza:
uliangukia upande gani?